Kijiko cha Maina

Nyambura aliponipigia simu kuniambia mama yake amefariki, nilikuwa kwenye stuli yangu hapa Nanyuki nikifunga manyoya ya jogoo kwenye ndoana ndogo, na sikuacha kazi. Nilisikiliza huku vidole vikizungusha uzi. Alisema mazishi ni Alhamisi, nyumbani Gatitu, na kwamba kuna kitu anataka nikione kabla hajakiondoa. Nikamuuliza ni kitu gani. Akasema, "Wewe kuja tu, Wangui. Iko mezani." Alipokata simu niliona nimeuzungusha ule uzi mara nyingi kupita kiasi, mpaka chambo kimevimba kama kiwavi. Nikakikata nikaanza upya. Hii ndiyo kazi inayonilisha siku hizi, kutengeneza vyambo bandia vya kuvulia samaki wa trauti, na naifanya polepole kama ninavyofanya kila kitu. Jirani yangu hunicheka. Anasema jioni, saa moja hivi, huwa naacha kazi ghafla na kujibu maswali ambayo hakuna mtu ameniuliza. "Ndiyo," nasema. Au, "Bado." Mimi mwenyewe sikuwahi kujisikia nikisema hivyo, kwa hiyo nilidhani ni utani wake.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na kuishia hapo, na Mama Maina alinichukua nifume sweta za shule nyumbani kwake. Ilikuwa nyumba ya mbao kando ya barabara, pale Gatitu mji wa Nyeri unapoishia. Sebuleni hapakuwa na makochi. Palikuwa na mashine nne za kufuma, zimepangwa ukutani, na magunia ya uzi mpaka karibu na dari. Mchana kutwa ulisikia mashine zikienda na kurudi, shaa, shaa, na harufu ya mafuta ya mashine ilichanganyika na ya chai. Mama Maina alikuwa mwembamba, mwenye kitambaa kichwani, na hakupenda maneno mengi, jambo lililonifaa kwa sababu mimi nilikuwa naona haya hata kuomba chumvi. Alinifundisha kwa kunishika vidole. Wafumaji wengine huanzia mkono wa sweta kwenye kifundo na kupanda. Yeye alianzia begani na kushuka, ili mtoto akirefuka, mzazi arudishe sweta, yeye afumue pindo la mkono tu na kuongeza mistari. Aliunganisha uzi kwa fundo lake dogo gumu, la kuzungusha mara tatu, ambalo nilijifunza kwa wiki mbili. Na sweta za watoto wake mwenyewe, Maina na Nyambura, alizitia mstari mmoja wa manjano kwenye pindo la mkono. Sweta za watu wengine hazikupata mstari huo hata wakiuomba.

Jioni ya kwanza aliweka sahani tatu mezani. Tulikuwa wawili. Nyambura wakati huo alikuwa akifanya kazi Nairobi na alikuja mara chache. Nilidhani kuna mgeni, nikasubiri nisianze kula kabla yake. Sahani ya tatu ilikuwa upande wa dirisha, sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, na kando yake kikombe na kijiko. Mama Maina aliomba, akapakua githeri, mahindi na maharagwe, kwenye sahani zote tatu, akaanza kula. Hakuna aliyekuja. Tulipomaliza alichukua ile sahani ya tatu, akarudisha chakula kwenye sufuria, na asubuhi akakipasha moto tukanywea chai. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku. Kila asubuhi ya mwaka ule nilikula chakula cha mtu mwingine. Nilijifunza kutoangalia upande ule wa meza. Nilikula macho yakiwa kwenye sahani yangu, na ninasema hivi sasa kwa sababu ndiyo sababu ya kosa langu.

Habari za Maina nilizipata kwa wateja, vipande vipande, mwenye nyumba akienda jikoni. Alikuwa ametoka nyumbani miaka miwili kabla yangu, msimu wa mvua, akiwa amevaa sweta ya kijani ambayo mama yake alikuwa ametoka tu kuimaliza. Kuna waliosema alionekana akishuka kuelekea mto Chania. Kuna waliosema ameenda Nairobi. Mtu mmoja wa Othaya aliapa kwamba amemwona Nakuru akiuza viatu, ameota ndevu. Wazee wa kanisa walikuja siku moja nikiwa mashineni, wakakaa kwenye viti vya plastiki, wakamwambia kwa upole kwamba inawezekana kufanya ibada hata bila mwili, ili moyo upumzike. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaambia, "Akiwa hai, atakuja akule. Akiwa amekufa, mniletee nizike. Hiyo ya katikati mimi siijui." Wakanywa chai wakaenda.

Nililala katika chumba cha Maina. Kilikuwa kimetenganishwa na jikoni kwa ukuta wa mbao uliobandikwa magazeti, na koti lake lilikuwa bado kwenye msumari nyuma ya mlango. Kutoka kitandani ulisikia kila kitu cha jikoni. Tukishamaliza kuosha vyombo mimi huingia chumbani, na Mama Maina hubaki mezani kidogo, akiongea. Mwanzoni nilidhani ni sala. Kisha nikasikia maneno. Alikuwa akimweleza siku ilivyokuwa. Ng'ombe wa jirani aliingia kwenye mboga. Mwalimu mkuu ameagiza sweta arobaini. Yule msichana amemaliza saba leo, mikono yake imeanza kuwa sawa. Aliongea kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayemenya viazi, na baada ya kila jambo alinyamaza kidogo. Kilichonitisha hakikuwa maneno yake. Ni vile vipindi vya kimya, havikuwa na urefu mmoja. Vingine vilikuwa vifupi, kama vya mtu aliyejibiwa "ndiyo" au "bado", na vingine virefu.

Mtoni nilienda kwanza kutoroka ile nyumba Jumapili alasiri, wakati Mama Maina yuko kanisani. Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe nikila peremende, nikaitupa karatasi yake majini, ile karatasi inayong'aa, na kabla haijafika mbali samaki akapanda akaichukua, akaitema. Nilimwona mwili wote, madoa ya ubavuni na jicho. Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Nilikuwa nimemvutia kiumbe mmoja kwa kitu kilichotoka mkononi mwangu, bila kusema neno. Juma hilo nyumba yote iligeuka machoni pangu. Nilichukua kizibo cha soda, nikakikunja kwa koleo, nikakitoboa kwa msumari. Nikachukua pini ya nepi, nikaipasha kwenye mkaa mpaka ikawa nyekundu, nikaikunja kuwa ndoana. Nilijaribu hereni yangu iliyopoteza mwenzake, zipu ya mkoba, kifungo cheupe cha shati, kipande cha kopo la kakao kilichokatwa umbo la jani. Manyoya ya kuku yalikuwa bure. Kizibo kilizunguka vizuri lakini kiliruka juu ya maji. Hereni ilipata samaki mdogo wa urefu wa kidole. Zipu haikupata chochote ila aibu.

Mshipi wa kweli nilipata kwa Zuhura. Yeye alikuwa akikaanga samaki na viazi karai Majengo, karibu na msikiti, mwanamke mnene mcheshi aliyenizidi miaka kumi hivi. Nilimpelekea trauti wawili waliofungwa kwenye jani la mgomba, nikasimama pale mpaka yeye mwenyewe akaniuliza nataka nini. Alifungua jani akacheka. "Wewe ndiye Mkikuyu wa kwanza naona akimfuata samaki. Wengine wakipita hapa wanaziba pua." Nilimwonyesha chambo changu cha kizibo. Akakigeuzageuza. "Ati wanakula hii? Basi samaki wenu ni wajinga. Kesho utawapelekea sufuria waingie wenyewe." Lakini alinipa mshipi wa nailoni uliokuwa wa kaka yake, umezungushwa kwenye kopo, na ndoana tatu, na tukakubaliana kila Jumapili nimletee nitakachopata. Akanipa jina la Wangui wa Mto. Hakuna mtu aliyewahi kunipa jina kabla ya hapo.

Nyumbani nilileta samaki mara moja tu. Mama Maina alikuwa mlangoni, akaona jani, akajua. "Hiyo haingii," alisema. Nilijua wazee wetu wengi hawali samaki. Nyanya yangu alimwita nyoka wa maji, na sufuria iliyopika samaki hangeigusa tena. Nikasubiri kusikia hayo ya nyoka. Badala yake alisema, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Siwezi kula kitu inakula watu tunajua." Kisha akarudi mashineni akaendelea kuhesabu mishono pale alipoachia. Nilisimama nje na samaki wangu, nikajiambia ni maneno ya wazee tu.

Chini ya daraja la miguu kuna mahali mto unapinda na maji yamekula ukuta wa jiwe, na pale chini pamekuwa shimo refu, maji meusi yanayozunguka polepole. Wenyeji hupaita ndia, yaani kina. Samaki wakubwa walikuwa humo. Niliwaona vivuli. Lakini vyambo vyangu vyote vilikuwa vyepesi, vikapita juu yao kama majani makavu. Nilihitaji kitu kizito, chenye tumbo, kinachoweza kuzama huku kikigeuka. Jumamosi moja, vyombo vikiwa vinakauka juani kwenye uchaga, nikaona kijiko. Vijiko vyetu vingine vilikuwa vya alumini, vyepesi, vya kupinda kwa vidole. Hiki kilikuwa cha chuma cha zamani, kizito, chenye ua dogo kwenye mpini. Kilikuwa kimewekwa peke yake, mwisho wa uchaga, kikinielekea. Nikakitia kwenye mfuko wa aproni. Fundi wa baiskeli wa ng'ambo ya barabara alinikatia mpini kwa msumeno wa chuma bila kuniuliza, akaniazima tupa, nikasugua ncha mpaka ikawa laini. Nikakitoboa mbele na nyuma. Nyuma niliweka ndoana ya Zuhura, na kando yake nikafunga sindano mbili zilizovunjika za mashine ya kufuma, kwa sababu ziling'aa. Sindano za mashine zina kulabu ndogo mwishoni na ulimi unaojifunga wenyewe, zimetengenezwa zishike uzi zisiuachie. Juu yake nikafunga kishungi cha uzi wa kijani kutoka gunia la mabaki. Mpini nikauficha chini ya gunia hilo hilo.

Jioni hiyo Mama Maina aliweka sahani tatu, na mkono wake ukasimama. Akaenda kwenye uchaga. Akarudi. Akaangalia chini ya meza. Hapo ndipo nilipoinua macho kwa mara ya kwanza upande wa dirisha, nikaona sahani, kikombe, na mahali palipokuwa wazi, na nikaelewa. Aliweka kijiko cha alumini. Tukala. Nilipokuwa chumbani nilimsikia akisema, "Kijiko yako nitaitafuta. Leo kula na hii." Kikapita kimya, kimojawapo cha vile virefu. Kisha akasema, kama mtu ambaye hakusikia vizuri, "Ati nani?"

Sikulala vizuri, lakini Jumapili nilienda mtoni. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa nimetengeneza kitu kizuri. Nilikirusha kile kijiko kikazama kikigeuka, upande mweupe, upande mweusi, na kabla hakijafika chini nikamshika trauti wa urefu wa mkono wangu hadi kiwiko. Nikarusha tena mara ishirini, hapakuwa na kitu. Jumapili iliyofuata ikawa vivyo hivyo, mmoja kwenye mrusho wa kwanza, kisha maji yakafungwa. Na ya tatu pia. Zuhura alisema ni kama mtu ananipimia. Alipompasua yule wa tatu alisita, akavuta kitu kutoka tumboni kwa ncha ya kisu, akakiweka kwenye kiganja. Kilikuwa kipande cha uzi wa kijani. "Umemlisha sweta," alisema, tukacheka wote, akamkaanga tukamla. Nilipofika nyumbani nilikiangalia kishungi cha chambo changu. Nilikuwa nimekikata mwenyewe nyuzi kumi na mbili. Zilikuwa kumi na mbili.

Jumatano ya juma hilo, jioni, mpini ulikuwa mezani. Mama Maina alikuwa ameuosha. Uliwekwa kulia kwa sahani, mahali pake, ua likiangalia dirisha na pale ulipokatwa pakiangalia mimi, chuma kikimeta. Aliomba kama kawaida. Alipakua kama kawaida. Nilikuwa na maneno yote tayari, niliyapanga siku nzima mashineni, mstari kwa mstari. Usiulize ni kwa nini mtu anashindwa kusema neno moja. Nilirarua karatasi ya daftari nikajaribu kumwandikia, nikafika "Mama, kile kijiko" nikashindwa kuendelea. Alhamisi mpini ulikuwepo. Ijumaa ulikuwepo. Hakuniuliza lolote, wala hakunikasirikia. Kupitia ukuta nilimsikia akimweleza mwanawe kuhusu vifungo na bei ya uzi, na hakulitaja jina langu hata mara moja.

Niliamua sitaenda mtoni tena. Jumapili nilikaa mashineni, ingawa haikuwa siku ya kazi, nikijifanya napanga sindano. Mama Maina hakwenda kanisani. Alivaa nguo zake za kanisa, akakaa mezani, mikono mapajani. Ilipofika alasiri akaniuliza, "Leo huendi mtoni?" Nikatikisa kichwa. "Enda," alisema. Kisha akaongeza, bila kuniangalia, "Enda na ile kitu yako."

Kulikuwa na ukungu uliokuwa umeshuka kutoka mlimani, ule unaolowesha nyusi. Hapakuwa na mtu njiani wala kwenye daraja. Nilisimama pale pale, nikarusha. Kijiko kilizama, na hakuna samaki aliyekichukua. Kikaendelea kuzama, mshipi ukitoka kwenye kopo, mpaka nikaogopa utaisha. Kisha kikasimama. Nilivuta. Kilikuwa kimeshika, lakini si kama kinavyoshika jiwe au mzizi. Kilikuwa laini. Nikavuta tena, na kikaja, polepole, bila kupigana, na kijiko kilipotokea juu ya maji nyuma yake kulikuwa na uzi. Uzi wa manjano. Sindano ya mashine ilikuwa imeushika, ulimi umejifunga. Niliushika kwa vidole nikavuta, nao ukaja, hatua moja, mbili, kumi, kisha manjano yakaisha, ukaanza uzi wa kijani.

Hapa nataka kuandika kwa uangalifu, kwa sababu ni mfumaji tu atakayenielewa. Sweta ikifumuka, uzi hauji kwa mwendo mmoja. Unakwenda mbio mshono kwa mshono mpaka ukingoni, pale kwenye ushonaji unakwama kidogo, unanyonyoka, halafu unarudi upande wa pili. Nilikuwa nimefumua sweta nyingi kwa Mama Maina. Vidole vyangu vilijua. Nilisimama kwenye ule ukungu nikivuta, na kupitia ule uzi nilihisi kitu kilichokuwa chini, mstari baada ya mstari. Mistari ilianza mifupi, kifundo cha mkono. Ikawa mirefu zaidi kidogo, halafu zaidi. Nilihisi pale pa kiwiko. Sikuweza kuacha. Nilikuwa nauzungusha ule uzi uliolowa kwenye kopo juu ya mshipi wangu, na maji meusi yakinipa, yakinipa, kwa upole, kama mtu aliyenyoosha mkono ili umvue nguo. Kisha ukafika begani, ukakataa. Nikavuta mara moja zaidi. Na kutoka chini, naapa, uzi nao ukavutwa.

Nilikata uzi kwa meno. Nakumbuka ladha yake, ya chuma na tope. Nilipofika nyumbani Mama Maina alikuwa pale pale mezani na nguo zake za kanisa. Alinyoosha mikono, nami nikamwekea lile donge. Hakuuliza nimelitoa wapi. Alilipima kwa kiganja, kama alivyopima uzi kila siku kabla ya kuuweka kwenye mizani. "Hii ni mkono moja," alisema. Akaanza kuupitisha uzi katikati ya vidole, taratibu, macho yamefungwa, mpaka vidole vikasimama. Alikuwa amefika mahali manjano yanapokutana na kijani. Akanionyesha fundo, dogo, gumu, lililozungushwa mara tatu. "Manjano iliniishia hapa," alisema. "Ni ya kushoto." Kisha akaniangalia usoni. "Imeshika wapi?"

Nikasema. Nilisema yote, kijiko, fundi wa baiskeli, ndia, samaki watatu, na sauti yangu ilinishangaza kwa jinsi ilivyokuwa kubwa. Aliitikia kwa kichwa kila jambo, kama mtu anayehakikisha hesabu ambayo ameshaifanya. Vijana wa mtaa walienda kesho yake na kamba na vyuma vya kuopolea, polisi wakasimama juu ya daraja, na kabla ya saa sita walimtoa Maina chini ya ule ukuta wa jiwe. Sweta ilikuwa imemshikilia kwenye mzizi. Mkono wake mmoja haukuwa na nguo. Alizikwa nyuma ya nyumba, karibu na migomba, na jioni hiyo Mama Maina aliweka sahani mbili. Nililia kwa ajili ya ile sahani kuliko nilivyolia kaburini.

Majengo nilienda mara moja zaidi. Zuhura alikuwa amesugua karai lake kwa majivu mpaka likawa jeupe, akalitoa nje alichukue yeyote. Alikuwa akiuza mahamri tu. Hakuniita Wangui wa Mto. Tulikaa kwenye benchi lake, akasema kwa sauti ndogo, "Tulikula, Wangui." Nikamwambia asiseme. Sikurudi. Disemba nilihama Gatitu nikaja Nanyuki. Mama Maina alinisindikiza mpaka barabarani, akanipa sweta niliyoifuma mwenyewe, ya kwanza iliyokuwa sawa pande zote, na kuniambia, "Utakuja." Nikasema ndiyo. Ni kilomita sitini hivi tu kutoka Nanyuki hadi Nyeri, na alikuwa na simu, na mimi pia nilipata. Miaka kumi na mitano ilipita. Kila mara nilipanga maneno, nikaona nimechelewa sana kuyasema, nikangoja kidogo zaidi.

Alhamisi, tulipomaliza kumzika kando ya mwanawe, Nyambura alinishika mkono akaniingiza jikoni akafunga mlango. Mashine zilikuwa zimefunikwa mashuka. Mezani, upande wa dirisha, kulikuwa na sahani ya bati, kikombe, na kulia kwake ule mpini. Githeri ilikuwa imepakuliwa. Nilimwambia nilidhani mambo haya yaliisha Maina alipozikwa. Akaniangalia kana kwamba ningepaswa kujua.

"Ya Maina ilitolewa hiyo siku," alisema. "Hii ni yako. Tangu ile Disemba ulienda."

Alinieleza kwa sauti ya chini, waombolezaji wakiongea nje. Kwamba mama yake aliniwekea kila jioni, saa moja. Kwamba aliniongelesha, akinihesabia sweta zilizoisha, akiniuliza kama nimekula, kama nimeolewa, kama nitakuja. Kwamba baada ya kila swali alinyamaza, kisha akaendelea kama mtu aliyejibiwa. Na kwamba yeye Nyambura, tangu mama yake afariki, alikuwa amepakua kila jioni na kurudisha chakula sufuriani, kwa sababu hakujua kama anaruhusiwa kuacha. Alipofika hapo alianza kulia. Mimi nilikuwa nikiwaza jirani yangu Nanyuki, na kicheko chake. Ndiyo. Bado.

Nilifungua mkoba wangu nikatoa kile kijiko. Sikuwahi kukivulia tena, na sikuwahi kukitupa. Niling'oa ndoana na zile sindano, nikakiweka mbele ya mpini, kipande kwa kipande. Havikukutana. Tupa ilikuwa imekula chuma, na kati yao palibaki nafasi ya upana wa ukucha. Nyambura alitaka kuniletea kijiko kingine nikakataa. Nilikaa upande wa dirisha. Githeri ilikuwa imepoa na mahindi yalikuwa magumu. Nilikula kwa mkono, yote, nikafuta sahani kwa kidole, nikanywa maji ya kikombe mpaka tone la mwisho. Nilipoinuka nikasikia sauti yangu ikisema, kubwa na wazi, "Nimeshiba, Mama." Nyambura, aliyekuwa kwenye karai la vyombo, aligeuka haraka. Alikuwa akiangalia kile kiti kingine, cha mama yake, kama mtu aliyesikia jibu kutoka hapo.